Sauti inayokabwa: mazoezi, sindano au upasuaji?

Mgonjwa hana kidonda kooni, hana uvimbe, na nyuzi zake za sauti ni nyeupe, safi. Lakini akitaka kusema sentensi ya kawaida sauti inakabwa: inatoka kidogo, inakatika, inarudi imebanwa. Akicheka, kicheko kinatoka chote. Akimbembeleza mtoto kwa wimbo, sauti ipo. Akinong'ona, maneno yanapita. Simu ikiita, "haloo" inakwama pale pale.

Madaktari wanauita ugonjwa huu disfonia ya spasmodiki, au distonia ya koromeo. Chanzo chake kiko kwenye sehemu za ubongo zinazoratibu mwendo wa misuli. Koromeo linatekeleza tu amri mbovu. Huanza zaidi katika umri wa kati, na huwapata wanawake kuliko wanaume. Daktari Mjerumani Ludwig Traube aliueleza mwaka 1871 akauhesabu kuwa ni maradhi ya wasiwasi, na kwa takriban miaka 100 wagonjwa waliendelea kutazamwa kama watu wenye matatizo ya akili. Hata leo wapo wanaoambiwa wapunguze mawazo, au kwamba kuna mtu amewafunga sauti. Msongo wa mawazo huzidisha dalili, ni kweli, lakini ugonjwa wenyewe ni wa neva.

Ukishafika mahali pa kuchagua tiba, utakuta watu wanabishana kuhusu sindano na upasuaji. Mimi naona uchaguzi mzito unatangulia hapo: kujua hasa ni sauti ya aina gani uliyonayo. Tiba inayomfaa mmoja inaweza isimsaidie kabisa mwenzake, na sauti zao zikasikika karibu sawa kwa asiyezoea.

Maradhi matatu yanayofanana

La kwanza ni disfonia ya spasmodiki yenyewe. La pili ni disfonia ya mkazo wa misuli: mtu amezoea kukaza koo anapoongea, pengine baada ya mafua makali au kazi ya kupaza sauti, na mazoea hayo yakakataa kuondoka. La tatu ni mtetemo wa sauti, ndugu wa ule mtetemo wa mikono unaowapata baadhi ya wazee.

Tofauti ya la kwanza na la pili ni hii. Mwenye mkazo wa misuli sauti yake imebanwa karibu wakati wote, herufi yoyote, sentensi yoyote. Na mtaalamu akimkanda taratibu pande mbili za koromeo, mara nyingi sauti inalegea pale pale kwenye kiti. Mwenye disfonia ya spasmodiki anakatikakatika: neno hili linapita, lile linakwama, na kukandwa kunamsaidia kidogo au hakumsaidii. Mwenye mtetemo unamjua ukimwambia avute "aaaa" kwa sekunde kadhaa. Utasikia sauti inapanda na kushuka kwa mapigo yanayolingana, kama mara 5 kwa sekunde, na pengine kichwa au kaakaa vinatikisika pamoja nayo. Wapo wenye mtetemo na disfonia kwa pamoja, na hao ndio wanaosumbua zaidi kutibu.

Disfonia ya spasmodiki nayo ina sura mbili. Katika sura ya kufunga, ambayo ni wagonjwa 8 au 9 kati ya 10, nyuzi za sauti zinagongana kwa nguvu na kuziba njia katikati ya neno. Sauti inakuwa ya mtu anayesukuma mzigo. Katika sura ya kufungua nyuzi zinaachana ghafla, hewa inatoroka, na kipande cha neno kinageuka pumzi tupu.

Hapa kuna jambo unaloweza kulifanya nyumbani. Sura ya kufunga hujitokeza zaidi kwenye irabu na herufi zinazotikisa koo, kama m, n, l, j, g. Sura ya kufungua hujitokeza baada ya herufi zisizotikisa koo: p, t, k, s, f, h, ch. Kwa kufuata kanuni hiyo nimetunga sentensi mbili za Kiswahili. Ya kwanza: "Juma ameenda Unguja jana, bibi amelala nyumbani." Kila herufi hapo inatikisa koo. Ya pili: "Kaka kafika, kapika chapati tatu." Hapo hakuna konsonanti hata moja inayotikisa koo. Anayekwama kwenye ya Juma na kupita vizuri kwenye ya chapati, elekeo ni sura ya kufunga. Kinyume chake, elekeo ni kufungua. Anayebanwa sawasawa kwenye zote mbili, fikiria mkazo wa misuli kwanza. Sentensi hizi si kipimo rasmi. Zirekodi kwa simu pamoja na kicheko chako, mnong'ono, ubeti mmoja wa wimbo na ile "aaaa" ndefu, uende nazo kwa daktari. Sauti hizi zina tabia ya kutulia siku ya kliniki, na rekodi ya jioni ya kazi inasema mengi kuliko dakika 10 mbele ya koti jeupe.

Vipimo: kamera ya mdomoni na kamera ya puani

Hakuna kipimo cha damu cha ugonjwa huu. MRI ya kichwa huonekana ya kawaida. Huombwa pale ambapo kuna dalili nyingine, mfano udhaifu wa mkono au kushindwa kumeza, ili kuondoa magonjwa mengine. Utambuzi unafanywa kwa sikio lililozoea na kwa kamera, na kamera zenyewe hazilingani.

Kamera ngumu hupitishwa mdomoni huku daktari ameshika ulimi wako kwa kitambaa. Inaonyesha picha kali ya nyuzi za sauti, nzuri sana kwa kutafuta vinundu, uvimbe au saratani. Lakini umeshikwa ulimi, huwezi kusema zaidi ya "eee". Ugonjwa unaojitokeza mtu akiongea hauwezi kuonekana mtu akiwa haongei, ndiyo maana wengi wanatoka na jibu la "koo lako zima" na dawa za kiungulia.

Kamera laini hupitishwa puani. Unapuliziwa dawa ya ganzi na ya kuzibua pua, unahisi ladha chungu nyuma ya koo, kisha kamba ya unene wa milimita 3 hadi 4 inapita na kuning'inia juu ya koromeo. Ulimi uko huru. Daktari anakuambia sema sentensi, hesabu, nong'ona, imba. Kwenye skrini unaziona nyuzi mbili nyeupe zikifunguka na kufunga kwa utulivu, na ghafla katikati ya "ameenda" zinapigana, na mikunjo iliyo juu yake nayo inajikunyata. Kisha ukinong'ona vurugu lote linapotea. Anayeona mabadiliko hayo kwenye mgonjwa mmoja ndani ya dakika moja ana sababu nzuri ya kutaja jina la ugonjwa.

Kwa hiyo unapoweka miadi na daktari wa masikio, pua na koo, iwe ni Muhimbili, KCMC Moshi, Kenyatta Nairobi au kwingineko, uliza swali moja: "Utaniangalia koo nikiwa naongea?" Kama jibu ni hapana, bado hujapimwa ugonjwa huu. Na usione umechelewa peke yako. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulikuta wagonjwa walikaa wastani wa zaidi ya miaka 4 na kuona karibu madaktari 4 kabla ya kupewa jina sahihi.

Onyo moja nje ya mada: sauti iliyokwaruza mfululizo zaidi ya wiki 3 au 4 bila kupata nafuu, hasa kwa mvutaji sigara, au ikiambatana na damu, kukonda, maumivu ya kumeza au pumzi yenye mlio, iangaliwe haraka. Hapo hofu ni saratani, na mazungumzo ya sindano yasubiri.

Mazoezi au sindano

Mtaalamu wa tiba ya usemi anakufundisha kuanza neno kwa pumzi laini, kupunguza nguvu, kupanga sentensi fupi. Kwa mwenye mkazo wa misuli hii ndiyo tiba, na wengi wanapona ndani ya wiki chache. Kwa mwenye disfonia ya spasmodiki mazoezi hayaondoi mikazo, kwa sababu amri inatoka ubongoni. Yanamsaidia kuacha nguvu za ziada anazotumia kupambana nayo, na nguvu hizo huwa ni sehemu kubwa ya uchovu wake jioni.

Hata hivyo nashauri kila mtu aanze na mazoezi, kwa vipindi vichache vyenye mwisho unaojulikana. Hayana madhara, na yanafanya kazi ya kipimo: sauti ikirudi yote ikabaki, umejiokoa na sindano za miaka. Isiporudi, mmejua. Wataalamu hawa ni wachache kwetu, lakini kazi hii inafanyika vizuri tu kwa video, jambo ambalo haliwezekani kwa sindano.

Sindano ni ya sumu ya botulini. Andrew Blitzer na wenzake walianza kuichoma kooni New York mwaka 1984, na tangu hapo ndiyo tiba kuu ya sura ya kufunga. Sumu inazuia neva kuupa msuli ujumbe wake. Ubongo unaendelea kutoa amri ile ile mbovu, ila msuli hauna nguvu ya kuitii.

Unalala, shingo imenyooshwa nyuma. Daktari anapapasa mwanya mdogo chini ya kile kinundu cha mbele ya shingo, kati ya gegedu mbili, na kupitisha sindano nyembamba hapo. Sindano hiyo ni waya pia: imeunganishwa na mashine inayosikiliza umeme wa misuli. Anakuambia sema "iii", na spika inatoa mlio kama wa mvua kubwa juu ya bati. Mlio huo ndio unaomwambia kwamba ncha iko ndani ya msuli wenyewe. Anasukuma tone, anageukia upande wa pili. Kazi yote ni dakika chache, na unatembea kurudi nyumbani.

Dozi yake ni ndogo ajabu. Wengi huanza na yuniti 1 hadi 2.5 za Botox, jina moja la kibiashara la sumu hii, kila upande, wakati mikunjo kati ya nyusi hupewa yuniti 20. Ndiyo maana siungi mkono hata kidogo anayefikiria kumwomba mtu wa kituo cha urembo amchome kooni kwa kuwa dawa ni ile ile. Milimita chache pembeni na dozi kidogo zaidi, umeshindwa kumeza.

Halafu kuna kalenda yake, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa mapema. Siku ya 2 au ya 3 dawa inaanza. Wiki ya kwanza na ya pili sauti inakuwa ya pumzi, dhaifu, na maji yanampalia mtu. Kunywa funda dogo dogo huku umeinamisha kidevu kunasaidia. Baada ya hapo inakuja miezi 2 au 3 mizuri, kisha mikazo inarudi polepole na unachomwa tena, kwa wengi kila miezi 3 hadi 4. Mwalimu wa Kenya mwenye mihula 3 kwa mwaka anaweza kuiweka sindano mwanzo wa likizo, ya Aprili, ya Agosti na ya mwisho wa mwaka, na siku za mnong'ono zikapita hana darasa. Wa Tanzania ana likizo ndefu za Juni na Desemba na zile fupi za katikati ya muhula. Mtangazaji, mhubiri, muadhini, mtu wa huduma kwa wateja, kila mmoja inabidi atazame kalenda yake kabla hajakubali, maana sindano moja ikichomwa wiki isiyofaa inatosha kumfanya aseme tiba haifai.

Andika kwenye daftari: jina la dawa, yuniti kila upande, siku za mnong'ono, siku ya kwanza nzuri, siku ya mwisho nzuri. Jina ni muhimu kwa sababu yuniti za Botox na za Dysport, jina jingine la kibiashara, hazilingani. Za Dysport huwa na tarakimu kubwa mara 2 na nusu hadi 3. Ukihamia kwa daktari mwingine ukamtajia namba bila jina, unahatarisha koo lako. Uliza pia unalipia nini. Chupa ya kawaida ina yuniti 100, inakaa kwenye baridi ya nyuzijoto 2 hadi 8, na ikishachanganywa hutakiwa kutumika ndani ya saa 24. Wewe unahitaji matone. Kliniki yenye wagonjwa wengi huwakusanya siku moja ili gharama igawanyike. Kwingine utabebeshwa chupa nzima peke yako.

Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye myasthenia gravis, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi, wasichomwe bila mjadala mzito na daktari. Mtajie pia dawa unazotumia, hasa antibayotiki ya gentamisini, kwani inaongeza nguvu ya sumu hii.

Wenye sura ya kufungua hawana bahati hiyo. Msuli wao uko nyuma ya koromeo, mgumu kuufikia, na ndio unaofungua njia ya hewa, hivyo haulegezwi ovyo pande zote mbili kwa mara moja. Matokeo yao ni ya wastani. Kwao uzoefu wa anayechoma una uzito kuliko umbali wa safari.

Sindano au kisu

Historia ya upasuaji ina funzo moja ambalo kila anayeshawishika alijue. Mwaka 1976 Herbert Dedo wa San Francisco alitangaza kukata neva moja inayoendesha koromeo, na sauti zilirudi siku hiyo hiyo. Watu walifurahi. Mwaka 1983 watafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walitoa taarifa ya wagonjwa waliofuatiliwa miaka 3: asilimia 64 walikuwa wamerudi kwenye shida. Kwa hiyo mtu akikuonyesha video ya mgonjwa wiki ya pili baada ya upasuaji, muulize ya mwaka wa tatu.

Upasuaji unaofanywa leo uko wa namna mbili kubwa, yote kwa ajili ya sura ya kufunga. Wa kwanza uliendelezwa na Gerald Berke pale chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles. Wanakata tawi dogo la neva linaloenda kwenye misuli ya kufunga, pande zote mbili, kisha wanauunganisha msuli na neva nyingine ya shingoni ili ile neva ya zamani isiote tena. Unalazwa usingizi, unaongea kwa pumzi kwa miezi, unapaliwa, na ukishakatwa hakuna kurudi. Mchoraji vibonzo Scott Adams alifanyiwa upasuaji wa aina hii mwaka 2008 na alieleza hadharani jinsi alivyorudi kuongea.

Wa pili ni wa Nobuhiko Isshiki wa Kyoto, Japani. Huu haugusi neva wala nyuzi za sauti. Gegedu ya mbele ya koromeo inapasuliwa katikati na kutanuliwa kidogo, na madaraja ya titani yanaishikilia wazi ili nyuzi zikose nafasi ya kugongana. Unafanywa kwa ganzi ya eneo tu: mgonjwa yuko macho, anaongea, na daktari anarekebisha upana huku akimsikiliza. Unaweza kurekebishwa baadaye. Mwanasiasa wa Marekani Robert F. Kennedy Jr. alieleza kwamba alikwenda Kyoto kwa ajili hiyo, na anayemsikia leo anajua kwamba upasuaji haurudishi sauti ya zamani. Unapunguza kukabwa, na mara nyingi unapunguza na ukubwa wa sauti pia.

Mimi kati ya hizi mbili ningeegemea ya Kyoto, kwa kuwa inaacha mlango wazi. Lakini kabla ya yoyote, ningetaka mtu awe amepewa sindano kwa mwaka mzima, kwa sababu dozi ya kwanza mara chache huwa ndiyo sahihi. Mtu aliyechomwa mara moja akaamua kukatwa hajaijua sindano bado.

Umbali unabadilisha hesabu hii, nakiri. Anayeishi Songea au Lodwar, na sindano iko safari ya ndege, hawezi kusafiri mara 3 au 4 kwa mwaka maisha yake yote. Kwake upasuaji mmoja unaonekana nafuu, hata India au Japani. Hapo aweke kwenye mizani na gharama ya kurudi kurekebishwa, na miezi ya kupaliwa akiwa mbali na aliyemkata. Kwa wengi wa hali hiyo naona mazoezi kwa video, kipaza sauti kidogo cha shingoni kazini, na sindano moja au mbili kwa mwaka kwa miezi yenye kazi nzito, ni mpango bora kuliko kisu cha mtu ambaye hafanyi upasuaji huu mara kwa mara. Kutotibu kabisa pia ni chaguo halali. Ugonjwa hauui, na kwa wengi huzidi miaka ya mwanzo kisha hutulia mahali pamoja.

Kuna tafiti zinazoendelea: waya wa kuchochea ubongo, uliojaribiwa Vancouver kwa wagonjwa wachache, na dawa ya kunywa ya oksibeti ya sodiamu inayochunguzwa Boston kwa wale ambao sauti yao hulegea wakinywa pombe. Hiyo isiwe sababu ya mtu kuanza kunywa.

Kabla hujalipa popote, muulize daktari mambo haya na usiondoke bila majibu: Nina sura ipi, ya kufunga au ya kufungua, na nina mtetemo? Umeshachoma wagonjwa wangapi wa aina yangu? Utatumia mashine ya kusikiliza msuli? Dawa gani, yuniti ngapi? Na nikipaliwa vibaya usiku wa tatu, nampigia nani?